Mwamba ngoma akishika kalamu ya Wikipedia

"Shem, ule ukurasa umeufuta wewe?"

Ujumbe uliingia Jumapili saa mbili asubuhi, chai ikiwa bado mezani. Aliyeutuma ni mdogo wake mke wangu, kijana ninayempenda sana, ambaye kwa mwaka mmoja sasa anasimamia kazi za msanii mmoja chipukizi wa hapa Dar es Salaam. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa napitia Mabadiliko ya karibuni, yaani orodha ya kila kilichohaririwa, katika Wikipedia ya Kiswahili, kama ilivyo desturi yangu kabla ya kulala, nikakutana na makala mpya kuhusu msanii huyo. Ilianza kwa kusema kwamba ni "mwanamuziki nguli anayetikisa Afrika Mashariki nzima kwa sauti yake ya dhahabu". Nguli mwenyewe ana nyimbo tatu. Tanbihi zilikuwa mbili, zote zinakwenda kwenye chaneli yake ya YouTube, na chini kabisa, kwenye Viungo vya nje, palikuwa na namba ya simu ya kumwalika kwenye shoo. Sikuhitaji kuuliza nani kaandika. Kijana huyo amekula Idi mbili mfululizo nyumbani kwangu.

"Sijaufuta," nilijibu. "Nimetoa nguli, nimetoa dhahabu, nimetoa namba ya simu."

"Imebaki mistari miwili, shem."

"Ndiyo iliyobaki."

"Sasa si bora ungefuta kabisa?"

Alikuwa na hoja, kuliko alivyojua mwenyewe, na nitairudia. Kwanza niseme kwamba shemeji yangu si tapeli. Anamwamini kijana wake, anazijua zile nyimbo tatu neno kwa neno, na studio ameilipia kwa pesa ya mfukoni. Alipoandika "nguli" hakuona kama anadanganya. Waswahili walishasema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Tunaitumia methali hii kumsuta mchoyo, lakini ukiitazama kwa makini ni maelezo ya ufundi tu. Ngozi haiwambiki bila kuvutwa, na anayevuta lazima asimame upande mmoja. Mgongano wa maslahi ni pale mtu aliposimama, hata kabla hajavuta.

Hapa Tanzania neno hilo limetufikia kwa mlango wa serikali. Kuna Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, kuna Sekretarieti ya Maadili, kuna fomu za kutangaza mali. Kwa hiyo likitajwa tunawaza zabuni, viwanja, na kampuni ya mke wa mkurugenzi. Ukimwambia mhariri wa Wikipedia kwamba ana mgongano wa maslahi, anakasirika kana kwamba umemwita mwizi, na mazungumzo yanaishia hapo. Maana yake kule ndani ni nyepesi zaidi, na pia pana zaidi: ukiwa na uhusiano na unayemwandika, uwe wa kazi, wa malipo, wa damu, wa ndoa, wa klabu au wa chama, kaa pembeni ya makala yake na useme kwamba unahusika. Uadui nao umo. Mtaliki hana ruhusa ya kumwandika mtalaka wake kuliko mama mzazi anavyoruhusiwa kumwandika mwanawe.

Kisa ninachopenda kuwasimulia wahariri wapya ni cha mwenye nyumba. Wikipedia ilianza Januari 2001 kwa mikono ya Jimmy Wales na Larry Sanger, na Sanger akaondoka mwaka uliofuata. Desemba 2005, mwanablogu Rogers Cadenhead alifungua historia, yaani orodha ya mabadiliko na waliyoyafanya, ya makala inayomhusu Wales akakuta kwamba Wales mwenyewe alikuwa ameibadilisha mara 18. Katika mara 7 kati ya hizo alikuwa amefuta maneno yanayomtaja Sanger kuwa mwanzilishi mwenza. Wales alikuwa na maelezo yake kuhusu nani alianzisha nini, na inawezekana katika kichwa chake alikuwa anasahihisha kosa. Ila alikiri hadharani kwamba watu hawapaswi kufanya hivyo, naye akiwemo. Cadenhead hakuvunja kabati la mtu wala hakuvujishiwa barua pepe. Alibonyeza kichupo cha historia, kilekile ambacho mimi na wewe tunakiona juu ya kila ukurasa na hatukibonyezi.

Baada ya hapo vikafuata visa vya wakubwa, na nitavipita haraka kwa sababu ndivyo vinavyosimuliwa kila siku. Januari 2006 ilijulikana kwamba wafanyakazi wa ofisi ya mbunge wa Marekani Marty Meehan waliiondoa makala yake na kuweka wasifu wa kumpamba, na ahadi aliyoivunja ya kutokaa bungeni vipindi vingi ikatoweka humo. Mwaka 2007 kijana mmoja, Virgil Griffith, alitengeneza chombo alichokiita WikiScanner kilicholinganisha mabadiliko zaidi ya milioni 34 yaliyofanywa bila akaunti na anwani za mitandao ya mashirika. Humo akaonekana mtu aliyekuwa kwenye mtandao wa Diebold, watengenezaji wa mashine za kupigia kura, akiwa amefuta aya 15 za lawama dhidi ya mashine hizo. Mwaka 2011 Waingereza waligundua akaunti zilizotoka Bell Pottinger, kampuni ya uhusiano wa umma ya London, zikisafisha kurasa za wateja wake. Ni kampuni ileile iliyokuja kuporomoka Septemba 2017 baada ya kampeni yake ya kuchochea chuki Afrika Kusini kwa faida ya familia ya Gupta. Aliyezoea kusugua madoa kwenye ukurasa wa mteja hakuishia kwenye ukurasa.

Visa hivi vina ladha, lakini vimetuharibia jambo moja. Vimetufanya tuamini kwamba mwenye maslahi huvaa suti na kukaa London. Tunamtafuta huko, na shemeji anapita mlango wa jikoni.

Kisa kimoja tu kati ya vikubwa kinafika mpaka kwetu. Mwaka 2013 Wikipedia ya Kiingereza ilizifungia akaunti zaidi ya 250 zilizohusishwa na kampuni ya Wiki-PR, iliyokuwa ikiuza makala kwa wateja. Kutokana na sakata hilo, Juni 2014 Wikimedia Foundation, taasisi inayoiendesha Wikipedia, iliongeza kifungu katika masharti ya matumizi: anayelipwa kuhariri lazima aseme nani anamlipa, kwa niaba ya nani, na ana uhusiano gani naye. Ayaseme hayo kwenye ukurasa wake wa mtumiaji, au ukurasa wa majadiliano, au muhtasari wa kuhariri. Sharti hilo halikutungwa kwa ajili ya Kiingereza peke yake. Linatuhusu hata sisi, ingawa nina hakika nusu ya wanaohariri kwa Kiswahili hawajawahi kulisoma.

Halafu, tarehe 31 Agosti 2015, likaja genge lililopewa jina la Orangemoody. Akaunti 381 zilifungiwa siku moja, makala 210 zikafutwa. Mbinu yao ilikuwa rahisi na ya kikatili. Walikuwa wanapitia rasimu ambazo wahariri wa kujitolea wamezikataa kwa kuwa za kujisifu au za watu wasio na umaarufu wa kutosha. Kisha wanamtafuta mhusika mwenyewe, mwenye biashara ya wastani au msanii, wanajifanya wahariri wenye uzoefu: lipa, tutaipitisha. Akishalipa na makala ikapanda, wanarudi: lipa tena, kila mwezi, tuilinde isifutwe. Yaani walikaa langoni mwa mahali pasipo na lango, wakatoza ushuru.

Nilimsomea shemeji kisa hicho kwenye simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shem, kuna mtu alishaniambia laki mbili." Mtu huyo alikuwa amemwahidi ukurasa wa Wikipedia na kile kisanduku kinachotokea pembeni ukitafuta jina kwenye Google. Laki mbili kwa kitu cha bure. Yeye alikataa akaamua kuandika mwenyewe usiku ule, akiamini kwamba kwa kufanya hivyo anafuata njia halali. Kwa hiyo kile nilichokiona mimi kama kujipigia debe, kwake kilikuwa ni kuwakwepa matapeli. Nilijisikia vibaya kidogo.

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe, yaani kutangaza maslahi. Kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anaijua dawa hii hata kama hakuwahi kuipa jina. Kikao cha tatu, ajenda ni chakula. Mwenyekiti anakohoa: "Wajumbe, niseme mapema, huyu mama wa chakula ninayempendekeza ni dada yangu." Sauti inatoka nyuma: "Basi atatupunguzia!" Watu wanacheka. Halafu mweka hazina, bila kucheka, anauliza: "Tunayo bei ya mpishi mwingine?" Hapo ndipo jambo linapofanyika. Kauli ya mwenyekiti peke yake haikuzuia kitu. Imefanya kazi kwa kuwa watu 15 wameisikia, na mmoja wao hakuona haya kuomba bei nyingine. Chukua kauli ileile, itamkwe kwenye ukumbi mtupu, na dada atapika kwa bei anayoitaka.

Wikipedia ya Kiingereza ni ukumbi uliojaa. Ina takriban makala milioni 7, wakabidhi (wahariri waliopewa mamlaka ya kufuta makala na kufungia akaunti) kwa mamia, na foleni maalumu ya maombi ya wenye maslahi ambayo wapo watu kazi yao ni kuipitia na kujibu. Meneja wa kampuni akiacha ombi kwenye ukurasa wa majadiliano, atangoja, pengine miezi, lakini atajibiwa, na mara nyingi atajibiwa kwa ukali. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina makala zaidi ya 80,000 na wakabidhi wa kuhesabu kwa vidole. Fungua makala yoyote usiku huu, halafu tazama kichupo cha Majadiliano. Mara nyingi kitakuwa chekundu, maana yake ukurasa huo haujawahi kuumbwa. Kamati imealikwa, viti vimepangwa, hakuna aliyekuja.

Ndiyo maana naona tunakosea tunapohamisha kanuni za Kiingereza kama zilivyo na kuzibandika hapa. Kanuni ya kule inamwambia mwenye maslahi: usiguse, omba. Kwetu aombe kwa nani? Akitii, ombi lake litakaa mpaka asahau nenosiri. Asipotii, hakuna atakayemwona isipokuwa siku hiyo kuna mtu anayeshindwa kulala kama mimi. Kanuni inayomwadhibu mtiifu na kumsahau mkaidi haitadumu, hata ukiitafsiri kwa Kiswahili sanifu namna gani.

Na mimi nina langu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mgeni humo, niliandika makala kuhusu shule ya sekondari niliyosoma. Sikulipwa, sikutumwa. Niliweka mwaka, mkoa, idadi ya mikondo, na katika mstari wa tatu nikaandika kwamba "inasifika kwa nidhamu na ufaulu". Chanzo? Kumbukumbu zangu za fimbo za mwalimu wa zamu. Mstari ule ukakaa. Baadaye gazeti moja likaandika habari ya mahafali pale na kutumia maneno yaleyale, inasifika kwa nidhamu na ufaulu, kwa mpangilio uleule. Mwaka mwingine mhariri mwenye nia njema akaja kwenye makala yangu, akaona mstari hauna tanbihi, akatafuta, akalipata lile gazeti, akaliweka kuwa chanzo. Sasa upo imara. Nikiuondoa leo ataibuka mtu aniambie kwamba nimefuta maelezo yenye ushahidi.

Kwa lugha iliyo na maandishi mengi mtandaoni, mstari kama ule unamezwa na mingine elfu. Kwa Kiswahili haumezwi. Mada nyingi zina ukurasa mmoja tu unaoeleweka, nao ni wa Wikipedia. Mwandishi wa habari anachota hapo, mwanafunzi wa kidato cha pili anachota hapo, na siku hizi mashine za akili mnemba zinafundishwa Kiswahili kwa maandishi hayohayo. Sifa moja niliyoipachika kwa mapenzi ya shule yangu inaweza kuwa ndiyo jambo pekee ambalo mashine inalijua kuhusu shule hiyo.

Wapo watakaosema: basi tuwazuie kabisa wote wanaohusika. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wakali. Septemba 2012 mwandishi wa Marekani Philip Roth alichapisha barua ya wazi katika jarida la The New Yorker akilalamika kwamba Wikipedia ilikataa masahihisho yake kuhusu riwaya yake mwenyewe, The Human Stain. Makala ilidai kwamba mhusika mkuu alichorwa kutokana na mtu fulani. Roth akasema siyo, nilimchora kutokana na mwingine, rafiki yangu. Akajibiwa kwamba mwandishi anaeleweka kuwa mjuzi mkubwa wa kazi yake, ila panahitajika chanzo kingine kando yake. Watu walicheka sana. Lakini angalia kilichotokea: barua yenyewe ilipochapishwa ikawa chanzo, na makala ikarekebishwa. Mwenye maslahi alisikika, kwa jina lake, mahali ambapo kila mtu anaona ni yeye anayesema. Nakiri Roth alikuwa na The New Yorker. Mpiga zumari wa kikundi cha taarab kilichovunjika Tanga kabla magazeti hayajaanza kuweka kurasa zao mtandaoni hana.

Na mpiga zumari huyo ndiye anayejua. Anajua kikundi kilianza kwenye nyumba ya nani, nani alitunga, nani aligombana na nani wakagawana vyombo. Wajukuu zake wanajua. Hakuna profesa asiye na uhusiano nao atakayekuja kuandika kesho asubuhi. Tukimfukuza kila anayehusika na jambo la kwetu, tutabaki na makala za vijiji vya Ufaransa zilizotafsiriwa na roboti, safi kabisa, zisizo na maslahi ya mtu yeyote, zisizosomwa na mtu yeyote.

Hatari ya upande wa pili nayo ni ya kweli, wala si ya kubuni. Wikipedia ya Kikroatia ilitekwa kwa karibu miaka kumi na kikundi cha wakabidhi wenye mrengo mmoja wa siasa, mpaka ripoti iliyotolewa na Wikimedia Foundation mwaka 2021 ikaeleza wazi namna historia ilivyopindwa humo. Kura na majadiliano vilikuwepo, ila wapiga kura walikuwa walewale. Ukumbi mdogo hutekwa kirahisi, na atakayeuteka kwetu huenda asiwe na itikadi yoyote. Anaweza kuwa dhehebu, ukoo, klabu. (Nina rafiki wa Yanga, mhariri mzuri sana siku nyingine zote, ambaye nimemwomba asifungue ukurasa wa Simba saa 24 kabla na baada ya mechi ya watani. Ameniuliza kama mimi wa Msimbazi nitafuata masharti hayohayo. Bado namjibu.)

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua wapo wakabidhi watakaoupinga. Katika Wikipedia ndogo kama yetu, mwenye maslahi aruhusiwe kuandika, lakini asiguse kivumishi. Alete tarehe, alete majina, alete jina la kijiji lililokosewa, alete tanbihi ya gazeti au kitabu asichokichapisha yeye. Alete picha aliyoipiga mwenyewe na kuitoa kwa leseni huru, maana picha tunazihitaji kuliko kitu kingine chochote, na picha haina "nguli" ndani yake. Neno la kusifu likihitajika, liletwe na mtu asiye wa kwao. Kinyume chake pia: aya ya lawama iliyo na chanzo asiifute, hata ikimuuma. Akiona ina uongo aandike kwenye Majadiliano uongo uko wapi, aweke na ushahidi. Watu wa Meehan hawakuongeza kivumishi tu, walifuta ahadi.

Na kila anapohifadhi, kwenye kile kisanduku cha muhtasari ambacho wengi wetu tunakiacha kitupu, aandike maneno matatu: "Mimi ni meneja." Au "Ni shule yangu." Au "Marehemu ni baba." Hakuna anayedai jina lake halisi, na tena ni mwiko kule ndani kumfichua mhariri asiyetaka kujulikana, hata kama unamshuku kwa sababu nzuri. Nilijua akaunti ya usiku ule ni ya nani, na sikuwa na haki ya kulisema hilo ukurasani. Alikuwa na haki ya kulisema yeye. Maneno hayo matatu yanakaa kwenye historia milele, na siku kamati itakapojaa, hata miaka kumi ijayo, mweka hazina atayakuta na kuuliza bei ya mpishi mwingine.

Sasa nirudi kwenye hoja ya shemeji, ile ya kwa nini sikufuta kabisa.

Niliikwepa kwa siku mbili. Msanii mwenye nyimbo tatu, asiyeandikwa na gazeti hata moja, hastahili makala kwa vigezo vya umaarufu tunavyovitumia. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimependekeza zifutwe makala mbili za wasanii wa namna yake, mmoja wa Mwanza na mwingine wa Mombasa, bila kusita, na kwa sentensi moja kila mmoja. Huyu wa kwetu nikampunguza nikamwachia mistari miwili. Niliiita busara. Nilijiambia kwamba natoa nafasi, kwamba makala itakuwa mbegu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafikiria sura ya mke wangu na sahani ya pilau ya Idi ijayo. Kesi ya nyani alikuwa ameletewa ngedere, na ngedere akatoa hukumu ya mistari miwili.

Siku ya tatu nikafungua kile kichupo chekundu. Niliandika: "Makala hii niliihariri Jumamosi usiku. Aliyeiandika ni shemeji yangu, ameniruhusu kusema hivyo. Nisingepaswa kuigusa. Naomba mhariri mwingine aamue kama ibaki." Nikaweka sahihi. Kumwomba ruhusa shemeji kulichukua dakika arobaini na soda mbili, na mpaka mwisho hakuelewa kwa nini mtu ajishtaki mahali ambapo hakuna aliyemshtaki.

Siku 19 hakujibu mtu. Nilikuwa nimeshaanza kujiandalia maelezo kwamba ukimya ni ridhaa. Siku ya 20 akatokea mtumiaji nisiyemjua, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kenya hata kwenye maandishi: "Sijaona chanzo chochote huru hapa. Napendekeza ifutwe. Akipata habari magazetini karibuni tena." Siku mbili baadaye mkabidhi akaifuta.

Simu ikalia kabla ya saa mbili asubuhi.

"Shem, nani huyo?"

"Simjui."

"Humjui kabisa?"

"Kabisa."

"Na yeye hamjui dogo?"

"Hajawahi hata kumsikia."

Alikaa kimya, nikasikia kwa mbali mtu anajaribu kinanda studio.

"Basi sawa," akasema. "Ngoja tutoe ya nne kwanza."